ThinkPad T480 ya mtumba: Lenovo kuwa namba moja duniani inakusaidia nini wewe mnunuzi?

Wakuu, hii ni rivyuu ya ThinkPad T480, ile iliyotoka mwanzoni mwa 2018, ambayo saivi Kariakoo na Posta ziko nyingi tu za mtumba. Mi ndo mashine yangu ya kazi kwa muda sasa, nafanyia mahesabu, kuandika, mikutano ya mtandaoni na kuhariri picha kidogo. Nitasema nilichokiona ndani yake, ila kuna hoja moja naomba tuizungumze humohumo, maana kila nikimpendekezea mtu hii laptopu lazima iibuke. Mmoja atasema chukua Lenovo kwa sababu ndo wanaouza kompyuta nyingi kuliko wote duniani, mwingine atamjibu kwamba Apple wanauza chache na bado wana hela kuwazidi wote, kwahiyo hayo mambo ya nani anaongoza soko hayana maana yoyote. Mi naona wote wawili wanachanganya faida ya mwenye kampuni na faida ya mwenye laptopu, na ukishavitenganisha hivyo viwili ndo unaelewa kwanini mtu wa Dar au Mwanza au Nairobi anafaa kununua mashine fulani na kuiacha nyingine.

Tuanze na mashine yenyewe. T480 ina prosesa ya Intel kizazi cha 8, nyingi utakazokutana nazo ni i5-8250U au i5-8350U, core nne (yaani vichwa vinne vya kufanya kazi kwa pamoja), na hapa ndo pana tofauti kubwa na T470 iliyoitangulia ambayo ilikuwa na core mbili. Tofauti unaiona, ukifungua eksel nzito na brauza yenye tabu kibao haihangaiki. Ramu zinakaa mbili na zote zinachomolewa, kiwandani wanasema mwisho GB 32, kwahiyo ukinunua yenye GB 8 leo unaweza kuongeza mwakani ukipata hela. Diski nayo inabadilishwa. Kibodi ni tamu mno, mi naandika sana na sijakaa kwenye kibodi ya laptopu nyingine nikaona nimepata zaidi ya hii, na hata ikifa unaitoa kwa kufungua skrubu mbili za chini bila kugusa bodi, fundi anamaliza wakati umesimama hapohapo.

Betri ndo kitu nilichokipenda kuliko vyote. Ziko mbili, ndogo ya ndani na ya nyuma inayochomoka, na unaweza kuichomoa ya nyuma kompyuta ikiwa inawaka ukaweka nyingine iliyojaa, ile ya ndani inashikilia hapo katikati. Ya nyuma kubwa ina Wh 72, hicho ni kipimo cha umeme inaoubeba. Kwa mtu anayeishi kwenye umeme wetu huu unaokatika bila taarifa, kuwa na betri ya akiba kwenye begi ni kitu kikubwa sana, unafanya kazi siku nzima huna habari na luku wala jenereta ya jirani.

Upungufu upo. Kioo ni cha kawaida sana, na zile zenye 1366 kwa 768 msizinunue kabisa hata zikishushwa bei, rangi zinafifia ukigeuza kichwa kidogo tu, tafuta yenye 1920 kwa 1080. Hata hiyo nayo haina mwanga wa kutosha kukaa nayo barazani mchana. Spika ni dhaifu. Halafu kuna tatizo linalojulikana la programu ya chipu ya Thunderbolt, ile inayoendesha tundu la USB-C, kwenye ThinkPad za miaka ile, isipoapdetiwa tundu la USB-C linaweza kufa na mashine ikagoma kuchaji, Lenovo wenyewe walishatoa apdeti yake, kwahiyo hiyo ndo kazi ya kwanza ukiifikisha nyumbani.

Sasa twende kwenye spea, maana hapa ndo swali la soko linapoingia. Betri ya nyuma ya T480 ni ileile ya T470, T570 na T580. Kibodi inaingiliana na T470. Vioo, bawaba, kava, feni, vyote vinapatikana, na sio lazima viwe vipya, mafundi wana mashine zilizokufa bodi wanazozichinja kidogokidogo, unaingia dukani unasema nataka tachipadi ya T480 jamaa anainama chini ya meza anaibuka nayo. Bei mnaelewana. Hii raha ya kuibuka nayo chini ya meza haiji kwa bahati, na wala haiji kwa sababu Lenovo wanaipenda Tanzania.

Inakuja hivi. Benki, kampuni za bima, halmashauri na vyuo vya Ulaya na Marekani havinunui laptopu mojamoja, vinachukua mamia au maelfu ya modeli moja kwa mkupuo, nyingi kwa kukodishiwa, na muda wa mkataba ukiisha, mara nyingi miaka mitatu au minne, zinarudishwa zote kwa pamoja. Hapo zinauzwa kwa jumla kwa wafanyabiashara wa mitumba, nyingine zinapitia Dubai nyingine zinakuja moja kwa moja kwenye kontena kutoka Uingereza, ndo maana Nairobi pale Moi Avenue wanaziita ex-UK. Kwahiyo kilichopo Kariakoo leo ni picha ya nani alikuwa anauzia ofisi za Ulaya miaka kadhaa nyuma. Waliokuwa wanauzia ofisi hizo ni watatu hasa, Lenovo na ThinkPad, HP na EliteBook, Dell na Latitude. Nenda kaangalie meza za mitumba kama hutakutana na hao watatu. EliteBook 840 kwa macho yangu ndo zimejaa kuliko hata ThinkPad, ingawa Lenovo ndo anaongoza dunia.

Hapo ndo nasema asilimia ya soko ina maana kwako wewe, ila asilimia ipi. Ile listi ya dunia inayotolewa kila robo ya mwaka, Lenovo karibu robo ya soko, HP kama moja ya tano, Dell anafuata, Apple chini ya asilimia 10, ile inahesabu kila kitu, laptopu ya mtoto wa shule Marekani, ya michezo ya gemu China, ya ofisi Ujerumani. Wewe inakuhusu idadi ya mashine za modeli yako zilizowahi kuuzwa na zikaishia kwenye mji wako. Lenovo huyohuyo namba moja ana IdeaPad za aina nyingi mno zinabadilika kila mwaka, kava haliingiliani, bawaba haiingiliani, ukivunjikiwa unaweza kukaa unasubiri spea ya kuagiza wakati mwenye T480 ameshatengeneza ameondoka. Kampuni kubwa, modeli adimu, hasara ni yako.

Mi kabla ya hii nilikuwa na laptopu mpya ya dukani ya kampuni nyingine, jina naliacha, nzuri kwa macho, nyembamba, ramu imechomelewa kwenye bodi. Ikaachia bawaba moja, kioo kikawa kinaning'inia. Nilizunguka kwa mafundi kila mmoja ananiambia hii modeli hatujawahi kuishika, ya kuagiza, na ya kuagiza hawakuwa na uhakika itafika lini. Mashine ilikuwa nzima ndani, prosesa nzima, diski nzima, imeshindwa na kipande cha chuma kidogo tu. Niliumia sana kwa kweli, na tangu hapo nikinunua kitu cha kielektroniki swali la kwanza ni nani mwingine hapa mjini anacho.

Turudi kwa wenye kampuni. Kwao kuwa namba moja ni kitu cha ajabu kidogo, ukiangalia historia utashangaa. IBM ndo walitoa PC yao Agosti 1981 na dunia nzima ikaiga, lakini kuigwa huko ndo kulikowamaliza, kila mtu akaweza kuchukua prosesa ya Intel na mfumo wa Microsoft akauza mashine inayoendesha programu zilezile kwa bei ya chini. Compaq wakawapita 1994. Compaq nao, namba moja wa dunia, 2002 wakamezwa na HP. Dell akakaa juu, HP akamtoa 2006, Lenovo akamtoa HP 2013. Na IBM wenyewe biashara yao ya PC ilikuwa inapata hasara wakaamua kuiuza, ThinkPad na vyote, kwa Lenovo wa China, ikatangazwa Desemba 2004 ikakamilika Mei 2005, dola bilioni 1.25. Kiti cha juu kimekaliwa na watu watano na wawili hawapo tena kwenye biashara.

Kinachonigusa zaidi ni HP 2011. Wakati huo ndo walikuwa wanaongoza dunia kwa kuuza kompyuta, halafu Agosti bosi wao Léo Apotheker anatangaza wanafikiria kuitenga hiyo biashara waachane nayo. Fikiria, namba moja wa dunia anataka kutoka. Sababu ni kwamba faida yake ilikuwa nyembamba mno. Mwezi uliofuata akaondolewa, akaja Meg Whitman, Oktoba wakabadilisha uamuzi wakabaki. Na hoja ya kubaki ilikuwa na uzito, ukiwa mnunuzi mkubwa wa chipu, memori na diski unapata bei ambayo mdogo hapati, hiyo bei inasaidia hadi seva na printa zako, ukiukata mkono huo unajipandishia gharama kila sehemu. Kwahiyo ukubwa ulikuwa unawalipa kwa mlango wa nyuma.

Hiyo ndo faida ya kweli ya asilimia kubwa kwa mtengenezaji wa kompyuta za Windows. Intel walipoishiwa uwezo wa kutengeneza prosesa za kutosha 2018 na 2019, mwenye oda kubwa ndo anayesikilizwa kwanza, mdogo anasubiri. Lakini faida yenyewe bado ni nyembamba. Lenovo mwaka wao wa fedha wa 2023/24 waliingiza kama dola bilioni 57 na faida halisi ikawa kama bilioni 1, yaani chini ya dola 2 kwa kila dola 100, na humo wameweka simu na seva pia. Ukiongoza soko kwa namna hiyo lazima uwe makini kila siku, kosa moja la stoku linakula faida yote.

Acer waliliona hilo. Walikimbilia ukubwa kwa nguvu zote, zile laptopu ndogo za bei rahisi za miaka ya 2008 na 2009, wakapanda hadi namba mbili duniani, wengine walisema watamtoa HP. Kisha iPad ikaja 2010, watu wakaacha kununua zile ndogo, maghala ya Ulaya yakajaa, Machi 2011 bosi wao Gianfranco Lanci akajiuzulu, na mwaka huo wakafunga na hasara. Commodore je, Commodore 64 yao ndo inatajwa kuwa modeli moja ya kompyuta iliyouzwa kuliko zote, na Aprili 1994 wamefilisika.

Sasa Apple. Wanaosema Apple wanathibitisha asilimia haina maana wanaruka sehemu ya katikati ya hadithi. Mwaka wa fedha wa 1996 na wa 1997 Apple walipata hasara mfululizo, wa 1997 peke yake zaidi ya dola bilioni 1, na kilichokuwa kinawaua kilikuwa ni hichohicho, udogo. Mac haiendeshi programu za Windows, mfumo ni wao peke yao, kwahiyo wakiwa wachache sana watengenezaji wa programu wanaona hakuna sababu ya kuwaandikia, na programu zikikosekana wanunuzi wanapungua zaidi. Ndo maana Steve Jobs aliporudi 1997 moja ya mambo ya mwanzo ilikuwa ni kupatana na Microsoft, wakaweka dola milioni 150 na wakaahidi kuendelea kutoa Office ya Mac kwa miaka mitano. Hela ilisaidia, lakini ile ahadi ya Office mi naona ndo ilikuwa dawa. Mwaka huohuo Michael Dell aliulizwa angefanya nini na Apple akasema angeifunga awarudishie wenye hisa hela zao, na Januari 2006 thamani ya Apple sokoni ikaipita ya Dell.

Kwahiyo kwa Apple asilimia ilikuwa na maana kubwa mpaka walipovuka kizingiti fulani, na baada ya hapo intaneti ikawasaidia, kwa sababu kazi nyingi zikahamia kwenye brauza na brauza haijali mashine. Saivi wanauza Mac kama moja kati ya kila kompyuta kumi na moja au kumi na mbili, na 2024 mwaka wao wa fedha Mac ziliwaingizia karibu dola bilioni 30. Hawana haja ya kuuza rahisi kuliko wengine. Jobs alikuwa anapenda kusema sehemu ya Apple sokoni ni kubwa kuliko ya BMW au Mercedes kwenye magari, na hao hakuna anayewahurumia. Ni kweli kabisa kwa mwenye kiwanda. Lakini muulize mwenye BMW aliyeko Mbeya akivunjikiwa na kitu cha mbele anapata wapi, halafu muulize mwenye Toyota, yeye anapiga simu kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, na mzigo unapandishwa basi la usiku.

Sisemi MacBook ni mbaya. Air ya M1 ya Novemba 2020 ni mashine nzuri sana, inakaa na chaji kuliko T480 mbali, haina feni, haipigi kelele, kwa mtu wa video na muziki ningemwambia aitafute. Ila ramu na diski vyote vimechomelewa, ukinunua ya GB 8 utakufa na GB 8. Na programu nazo bado zinauma baadhi ya watu, anayesoma Chuo Kikuu Ardhi anahitaji ArcGIS Pro ya ramani, muhasibu wa duka anatumia Tally ya mahesabu, mhandisi anatumia Revit au SolidWorks za kuchorea, vyote hivyo ni vya Windows. Hapo ndo unaona mtengenezaji mdogo wa kompyuta za Windows ana afadhali kwa upande mmoja, hata akiuza asilimia moja tu, programu anazipata zote kwa sababu anajificha chini ya mwavuli wa Microsoft. Kinachomkosa ni spea na mafundi.

Na kwenye spea kuna kitu kimoja kinabadilika ambacho nakifurahia sana. T480 inachaji kwa USB-C. Zamani Lenovo wana pini yao, HP pini yao, Dell yao, ukisahau chaja umeshindwa kufanya kazi. Saivi nachomeka chaja ya HP ya ofisini ya wati 65 inapiga kazi, na Umoja wa Ulaya wamelazimisha laptopu mpya nazo zitumie USB-C kuanzia Aprili 2026. Kwahiyo kwenye chaja asilimia ya soko imekwisha umuhimu, mwenye modeli adimu na mwenye modeli iliyojaa wako sawa. Ingekuwa hivyo kwenye betri na vioo na bawaba tusingekuwa na haja ya kuulizana nani anaongoza. Lenovo wenyewe walipotoka T480 kwenda T490 mwaka 2019 waliondoa betri ya kuchomoa, wakachomelea ramu moja kwenye bodi, na walifanya hivyo huku wakiwa wanaongoza, kwahiyo uongozi haumfanyi mtu akujali. 2024 wakageuka, T14 Gen 5 imerudisha ramu mbili za kuchomoa na iFixit, wale wanaofungua vifaa na kuvipa alama, wakaipa 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengeneza. Hizo zitatufikia kwenye mitumba baada ya miaka, nazisubiri kwa hamu.

Jambo jingine la kuangalia ni kama kampuni itakuwepo. Toshiba, ambao Satellite zao zilikuwa kila intaneti kafe na kila ofisi, 2020 walimalizia kuuza hisa zao za mwisho za biashara ya laptopu wakatoka kabisa. Sony aliuza VAIO 2014. Wote walikuwa wameshashuka sokoni. Ukiwa na mashine ya kampuni iliyotoka, draiva na apdeti za usalama zinakuwa shida kabla hata spea hazijaisha. Hii ni sehemu ambapo asilimia ndogo inayozidi kupungua ni dalili ya kuogopa, tofauti na asilimia ndogo iliyotulia kama ya Apple.

Kwa hiyo T480 nani aichukue. Mwanafunzi, muhasibu, mwalimu, mwandishi, mwenye duka, mtu wa kuprogramu asiyehitaji kadi kubwa ya picha, chukua bila wasiwasi. Mtu wa video nzito au gemu, hapana. Na kama ukikuta EliteBook 840 G5 iko kwenye hali nzuri zaidi kwa bei ileile ichukue hiyo, ni ya mwaka huohuo, prosesa zilezile, spea zake ziko tele, utakosa tu betri ya kuchomoa na kibodi hii.

Ukienda kununua, kwanza hakikisha ni i5 au i7 ya kizazi cha 8 maana T480 chache zina kizazi cha 7, na cha 7 Windows 11 haikubali rasmi, na Windows 10 Microsoft waliacha kuisapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Ndo maana T470 zimeshuka bei ghafla, msidanganyike. Pili fungua Command Prompt (lile dirisha jeusi la kuandika amri kwenye Windows) andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa betri wa sasa na wa kiwandani, zote mbili za ndani na nje, ikiwa imeshuka chini ya nusu dai punguzo au dai betri nyingine. Tatu jaribu matundu yote mawili ya USB-C kwa kuchaji, usikubali kuonyeshwa moja tu. Nne washa mwanga wa kioo mpaka mwisho kwenye ukurasa mweupe utafute madoa. Tano ingia kwenye BIOS (ile mipangilio inayofunguka kabla ya Windows) uhakikishe hakuna paswedi ya kampuni ya zamani, maana mashine za ofisi zinakuja nazo, na usilipe kabla hujaona mwenyewe kwamba imefunguka.

Nani mwingine anaitumia T480 huko Arusha, Dodoma au Mombasa? Naomba mseme spea ya kava la juu mnaipata bei gani na kwa muda gani, huku Dar kava ndo linaanza kuwa la kutafuta kidogo.